Mimba inashika, kisha inatoka: je, inaweza kuwa mbegu zangu?

"Daktari, nina miaka 38, mke wangu 31. Ndani ya miaka miwili amepata ujauzito mara mbili, na mara zote mbili mimba imetoka kabla ya wiki ya nane. Yeye amepimwa mpaka amechoka, anaambiwa hana tatizo. Mimi nimepima mara moja tu: mbegu milioni 41 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 38, zenye umbo la kawaida asilimia 3. Nikaambiwa niko sawa. Mama yangu anasema mwanamume kazi yake inaishia mimba ikishashika, yanayofuata ni ya mwanamke. Lakini nasoma huku na kule kwamba mbegu mbovu zinaweza kuharibu mimba. Ni dereva wa masafa marefu, wakati mwingine nakaa wiki tatu bila kurudi nyumbani. Navuta sigara kama kumi kwa siku. Miezi miwili kabla ya mimba ya pili niliugua homa kali wiki nzima. Jamaa mmoja wa jimu ananishauri nichome sindano za testosteroni niimarishe mbegu, na nimeshanunua kopo la vidonge vya uzazi. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, pole sana, na pole hiyo umfikishie mkeo. Mimba ikitoka wiki ya saba watu husema "bado ilikuwa changa", kana kwamba uchanga unapunguza uchungu. Haupunguzi.

Kabla ya yote, lile lisilongoja: sindano ya testosteroni usichome. Sababu nitaieleza mbele, ila kama ulishapanga kwenda wiki hii, ahirisha kwanza.

Kuna jambo ninaloliona karibu kila wiki. Wanandoa wanaingia chumbani, mke amebeba faili nene lililojaa picha za ultrasaundi na majibu ya homoni, mume anatoa mfukoni karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Wewe umenipa tarakimu tatu za karatasi hiyo, na nashukuru, maana wengi hata hiyo hawana. Hata hivyo, karatasi hiyo inajibu swali moja, na wewe umeuliza jingine. Yenyewe inasema kama mbegu zako zinaweza kulifikia yai. Unachotaka kujua ni kama zinalifikia zikiwa zimebeba mzigo mzima.

Fikiria namna majibu yale yanavyopatikana. Mtaalamu wa maabara anasubiri manii yayeyuke, anachukua tone, analiweka kwenye kioo chenye miraba midogo iliyochorwa, kisha anainama kwenye hadubini. Anaona vichwa vidogo vinavyong'aa, kila kimoja na mkia wake. Vingine vinakata njia moja kwa moja, vingine vinazunguka palepale kama mtu aliyeangusha funguo, vingine vimelala tu. Anahesabu, anaandika. Kichwa kimoja kina urefu wa kama sehemu tano za elfu moja za milimita, na ndani yake kuna uzi wa vinasaba ambao ukinyooshwa unakaribia mita moja. Uzi huo yeye hauoni. Mbegu inaweza kuogelea vizuri kabisa huku uzi wake umekatika mahali kadhaa.

Nikutoe hofu ya ile asilimia 3. Viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2021 ni milioni 16 kwa mililita, asilimia 30 zinazokwenda mbele, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Vilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha mstari ukachorwa pale ambapo watano katika kila mia walikuwa chini yake. Maana yake hata miongoni mwa akina baba hao, mmoja katika ishirini alikuwa chini ya mstari. Tofauti ya 3 na 4 haina uzito mkubwa, hasa kwa kipimo cha siku moja; mtu yuleyule akipima tena mwezi ujao majibu hubadilika. Idadi na mwendo wako viko juu ya mstari. Aliyekwambia uko sawa hakukudanganya, alijibu kile kilichopimwa.

Sasa tuende kwa mama. Anayosema yanaaminiwa na watu wengi, wakiwemo wengine wenye vyeti, na kuna sababu ya kuaminika hivyo. Siku za mwanzo kabisa kiinitete, yaani mtoto akiwa bado seli chache, huishi kwa akiba ya yai. Yai ni seli kubwa lenye chakula, mitambo ya nishati na maelekezo yaliyohifadhiwa tayari, na seli za mwanzo zinagawanyika kwa kutumia maelekezo hayo. Lakini hata hapo baba hayuko mbali. Mbegu ikiingia inaachia protini inayoliamsha yai, mawimbi ya kalsiamu yanapita ndani yake, na bila mawimbi hayo yai linabaki limelala. Mbegu pia inaleta sentrioli, kifaa kinachosaidia kupanga nyuzi za kugawanya seli ya kwanza kuwa mbili. Kifaa hicho kikiwa na hitilafu, mambo yanakwama mapema sana, kabla mama hajajua kama kulikuwa na kitu.

Badiliko kubwa linakuja karibu siku ya tatu, kiinitete kikiwa na seli nne mpaka nane. Hapo akiba ya yai inapungua na kiinitete kinaanza kusoma vinasaba vyake chenyewe, vya mama na vya baba. Kuanzia hapo nusu yako inafanya kazi. Ndiyo maana yai linaweza kurutubishwa vizuri, mimba ikashika, kipimo cha mkojo kikaonyesha mistari miwili, na baadaye safari ikasimama. Baadhi ya vinasaba vinavyoendesha ukuaji wa kondo la nyuma husomwa kutoka nakala ya baba peke yake, kwa hiyo ile hoja kwamba baada ya kushika ni kazi ya mwanamke tu haisimami.

Uzi unakatikaje? Mbegu inapotengenezwa hupitia hatua moja ngumu ya kufungasha. Seli za kawaida huzungushia vinasaba kwenye protini ziitwazo histoni, mzungusho wenye nafasi. Kwa mbegu nafasi hiyo ni anasa, kwa hiyo histoni nyingi hutolewa na kuwekwa protamini, ambazo hukaza uzi kama mtu anayekalia sanduku la nguo ili zipu ifunge. Wakati wa kukaza, uzi hukatwa makusudi hapa na pale ili ulegee, halafu huungwa. Isipoungwa vizuri, mbegu inatoka na nyufa. Na mbegu iliyokomaa imetupa karibu ute wake wote wa ndani pamoja na vifaa vya kujikarabati. Kinachoharibika baada ya hapo yenyewe haiwezi kukirekebisha.

Yai linaweza. Baada ya urutubishaji yai hukagua vinasaba vya baba na kuziba nyufa nyingi. Uwezo huo una kikomo: nyufa za upande mmoja wa uzi huzibika kwa urahisi zaidi kuliko uzi uliokatika pande zote mbili, na yai la mwanamke mwenye umri mkubwa hukarabati kwa shida zaidi kuliko la mwanamke kijana. Mkeo ana miaka 31, hilo liko upande wenu.

Naomba uisome aya hii polepole, maana watu wakishasikia hayo yote huhama kutoka kumlaumu mke na kwenda kujilaumu wenyewe kwa kasi ileile. Mimba nyingi zinazotoka mapema, nusu au zaidi, hutoka kwa sababu kiinitete kina idadi isiyo sahihi ya kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba vinasaba. Makosa hayo kwa sehemu kubwa hutokea yai linapokomaa, kwa bahati tu, bila mtu kufanya kosa lolote. Mimba mbili kutoka kwa bahati mbaya, moja baada ya nyingine, ni jambo linalotokea. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba wanaume ambao wenzi wao wamepoteza mimba mara kwa mara huwa na nyufa nyingi zaidi kwenye vinasaba vya mbegu kuliko wengine. Hilo ni kweli kwa makundi. Kwako wewe mmoja ni uwezekano unaostahili kuangaliwa, na siwezi kuliita sababu.

Tuangalie maisha yako basi. Homa uliyougua ndiyo iliyonivuta jicho kwanza. Korodani zimetundikwa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 4 chini ya joto la mwili. Mbegu moja huchukua siku 70 hivi kutengenezwa, kisha siku kadhaa nyingine kupita kwenye mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani. Jumla ni kama miezi mitatu. Homa kali ya miezi miwili kabla ya mimba ya pili iliwakuta "mafundi" katikati ya kazi, na inajulikana kwamba homa hupunguza idadi ya mbegu na kuongeza nyufa kwa wiki kadhaa, kisha hali hurudi. Huenda ilichangia. Ila mimba ya kwanza haikuwa na homa nyuma yake, kwa hiyo usiibebeshe yote.

Sigara sina namna ya kuizungushia maneno. Moshi huongeza chembe kali za oksijeni kwenye manii, na ngozi ya mbegu imejaa mafuta laini ambayo chembe hizo huyashambulia kwanza, kisha huingia kwenye uzi wenyewe. Kati ya yote yaliyo mikononi mwako, hili ndilo ningelianza leo. Kukaa kwenye kiti cha gari saa nyingi hupandisha joto la korodani, hilo limepimwa, ila ushahidi kwamba udereva peke yake unatoa mimba ni mwembamba, na sitakwambia uache kazi. Shuka, tembea kila unaposimama, vaa nguo zisizobana.

Lakini kuna kitu kwenye kazi yako ambacho hukukiuliza na mimi nakiona kikubwa kuliko kiti: wiki tatu. Wanaume wengi wanaamini kwamba ukikaa muda mrefu bila tendo mbegu "zinajaa" na zinakuwa na nguvu. Zinaongezeka idadi, ndiyo. Ubora unashuka. Mbegu zilizokomaa zikingoja kwenye mrija zinazidi kupigwa na zile chembe za oksijeni, na zinazotoka baada ya wiki tatu ni mchanganyiko wenye kuukuu nyingi. Ukirudi nyumbani usitegemee ile siku moja ya kwanza. Kutaneni kila siku au kwa kuruka siku moja katika siku zile sita zinazoishia siku yai linapotoka. Mkipanga safari zako kwa kalenda ya mkeo mtakuwa mmefanya kitu ambacho hakuna kopo la vidonge linaloweza kukifanya.

Kopo lenyewe: vidonge hivi vingi ni mbuzi kwenye gunia. Kwenye karatasi wazo linaeleweka, kwamba kama oksijeni kali inaharibu basi tumeze kinachoizuia. Nchini Marekani walilipima wazo hilo kwa wanaume 2,370 waliokuwa wakitafuta mtoto na wenzi wao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Nusu walipewa zinki na asidi ya foliki kwa miezi sita, nusu vidonge vitupu. Waliopata mtoto walikuwa asilimia 34 kwa waliomeza dawa na asilimia 35 kwa wasiomeza. Nyufa za vinasaba zilikuwa juu kidogo kwa waliomeza, na walilalamika tumbo zaidi. Kama lebo ya kopo lako haina kingine zaidi ya vitamini, kumaliza ulichonunua huenda hakutakudhuru, lakini la pili usinunue. Kama haisemi wazi kilichomo, litupe.

Sasa sindano. Ubongo wako una tezi ndogo inayotuma homoni mbili kwenda korodani: moja inaziagiza zitengeneze testosteroni yake, nyingine inachochea kutengeneza mbegu. Ukichoma testosteroni kutoka nje, tezi inaona damuni iko nyingi na inanyamaza. Korodani zikikosa maagizo zinalala, na testosteroni ya ndani ya korodani, ambayo kwa kawaida ni mara nyingi zaidi ya ile ya kwenye damu, inaporomoka. Misuli itatanuka, mbegu zitapotea, kwa wengine mpaka sifuri. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuijaribu sindano hiyo kama njia ya kuzuia mimba kwa wanaume, matokeo yakatoka mwaka 1990, na kwa wengi ilizuia. Jamaa yako wa jimu anakushauri utumie kinga ya mimba ili upate mtoto. Wanaoacha wengi hurudi hali yao kwa miezi sita mpaka mwaka, wengine zaidi, na wachache hawarudi vizuri. Kama ulishawahi kuchoma hata mara moja, mwambie daktari wako bila aibu. Hatuwezi kusoma majibu yako bila kulijua hilo.

Nini kifanyike? Kitu cha kwanza ni mkono wa daktari, kabla ya mashine. Je, kuna aliyewahi kukupapasa korodani? Nauliza kwa sababu wanaume wengi hupimwa manii bila kuguswa. Kuna hali ya mishipa ya damu kutanuka juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, iitwayo varikoseli. Iko kwa wanaume kama 15 katika kila 100, wengi wao hawana shida yoyote. Kwa baadhi, damu ya moto inayotuama pale hupasha korodani na kuongeza nyufa. Inapopapasika waziwazi, ukiwa umesimama na ukikohoa, upasuaji mdogo unaweza kuboresha mbegu na kupunguza nyufa. Ile ndogo inayoonekana kwenye ultrasaundi tu haihitaji kisu, na anayekuharakishia kisu kwa hiyo muulize maswali.

Kuhusu kipimo cha nyufa za vinasaba vya mbegu: kwa mwanamume anayeanza tu kutafuta mtoto sikipendekezi. Kwenu, baada ya mimba mbili kutoka, kina maana, na miongozo ya wataalamu wa uzazi Ulaya na Marekani inakikubali kwa hali kama yenu. Ujue mipaka yake. Kuna njia kadhaa za kukipima, kila maabara ina mstari wake, na majibu mabaya hayasemi kwamba mimba ijayo itatoka. Kinachosaidia ni kwamba kinaweza kukupa sababu ya kutibu varikoseli au nguvu ya kuacha sigara. Usikifanye kesho. Acha sigara, subiri miezi mitatu kizazi kipya cha mbegu kitoke, ndipo upime, pamoja na kurudia kipimo cha kawaida. Pumzika tendo siku mbili au tatu kabla, zisizidi. Chombo kikae karibu na mwili na kifike maabara ndani ya saa moja.

Kipimo kingine ni cha damu, kwenu wote wawili: ramani ya kromosomu. Katika wanandoa waliopoteza mimba mara kwa mara, kati ya 2 na 5 kwa kila 100 mmoja wao amebeba vipande vya kromosomu vilivyobadilishana mahali. Yeye mwenyewe ni mzima kabisa, lakini baadhi ya mbegu au mayai yake hutoka na mzigo uliopungua au kuzidi. Na lile faili nene la mkeo lifunguliwe tena, muone kama ndani yake kuna kipimo cha kingamwili za antifosfolipidi (zinazoweza kugandisha damu na kutoa mimba), cha tezi ya thairoidi, na picha ya umbo la mji wa mimba. "Hana tatizo" ni jibu zuri, mradi hivi vitatu vimo.

Mtu anaweza kukutajia kuchoma mbegu moja ndani ya yai, njia iliyoanza kuzaa watoto mwaka 1992 kutoka Brussels. Imewapa watoto wanaume wenye mbegu chache mno. Lakini tatizo lenu halijawahi kuwa kulifikia yai. Mmelifikia mara mbili bila msaada. Sindano ile inaichukua mbegu na kuiingiza, haizibi nyufa zake. Kwa sasa ni gharama kubwa kwa kitu msichokihitaji.

Usisubiri miezi mitatu kama umegusa uvimbe mgumu kwenye korodani, kama moja imesinyaa au inauma, kama manii yana damu, au kama utotoni korodani ilichelewa kushuka. Wanaume wenye shida ya mbegu hupata saratani ya korodani zaidi kidogo kuliko wengine, na ikiwahiwa hutibika vizuri sana. Na mkeo akishika mimba tena, akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, maumivu ya bega au kizunguzungu, hata bila damu, aende hospitali saa hiyohiyo, maana huenda mimba iko nje ya mji wa mimba.

Kwa umri wa mkeo, na kwa kuwa mimba inashika yenyewe, wanandoa wengi wa aina yenu hupata mtoto hata pale ambapo sababu haikuonekana. Sisemi hivyo kukufariji. Ndivyo wanavyoishia wengi.

Mama usishindane naye kwa protamini na sentrioli. Mwambie tu kwamba safari hii umekwenda kupimwa wewe, na umwambie mkeo akiwa anasikia.